Watazamaji Arobaini na Watatu wa Danforth

Kwa heshima kubwa, na kwa idhini ya watu ambao hawakuombwa idhini, ulimwengu unatangaziwa kwamba Tamasha la Filamu za Kiyahudi la Bonde la Juu la Susquehanna limetimiza miaka kumi na tisa. Lina filamu kumi na nane, miji saba, majaji watatu, mfadhili anayeuza magodoro, na mfuko wa kitambaa wenye picha ya simba aliyevaa miwani. Limekua. Kijitabu chake kinasema limekua katika ukurasa wa kwanza, wa pili na wa nne.

Mjini Danforth, lilikozaliwa, mwaka jana walikuja watu kumi na mmoja. Wawili kati yao walikuwa wanajikinga na mvua.

Lilizaliwa kwenye ghorofa ya chini ya sinagogi letu, juu ya shuka la Bubbe Lottie. Bubbe ndivyo tunavyomwita bibi. Shuka lilikuwa na maua upande mmoja, kwa hiyo miaka mitatu ya mwanzo kila mtu mbaya katika filamu alikuwa na waridi sikioni. Watu walikuja na vyakula vyao, wakabishana na filamu kwa sauti, na Bubbe alipoona hawaelewi alilisimamisha onyesho akawaeleza. Baadaye watu wa mji jirani wa Wexford wakaomba filamu moja, halafu mbili, halafu wakaunda kamati. Kamati ikapata mfadhili, mfadhili akataka majaji, na shuka likarudi kitandani.

Nyumba yetu ina watu watatu. Kuna Bubbe, mwenye miaka themanini na moja. Kuna mwanawe Hershel, ambaye ni baba yangu na muuza mazulia. Na nipo mimi, Rena, ambaye wakati huo nilikuwa nyumbani kwa siku kumi kwa sababu shule ya bweni niliyosoma ilikuwa haina ucheshi. Nilikuwa nimebandika tangazo ubaoni, lenye mhuri, kwamba mkuu wa shule ameuza ziwa. Wazazi wawili walipiga simu kuuliza bei.

Mambo ya jikoni niliyajua vizuri. Tundu la hewa ya moto linaanzia karibu na jiko na kuishia chini ya kitanda changu, na sauti hupanda humo.

*

Daktari Roberta Glantz, mwenyekiti wa tamasha na daktari mstaafu wa meno, alikuja Jumapili asubuhi kutoka Wexford. Alileta keki ya dukani ndani ya kikasha cha plastiki. Bubbe aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya friji, mahali ambapo keki za dukani husubiri mgonjwa wa kupelekewa.

"Lottie, umependeza."

"Nimevaa aproni, Roberta. Kaa."

"Nimekuja mwenyewe kwa sababu barua haina uso."

"Haya, uso wako unasema nini?"

Daktari alikunja leso ya karatasi mara mbili. "Kamati imepitisha utaratibu mpya. Mji ambao hautafikisha watu arobaini walioweka nafasi, mpaka Alhamisi saa sita mchana, onyesho lake litaunganishwa na la Wexford."

"Litaunganishwa."

"Ndiyo."

"Mnafunga, halafu mnaita kuunganisha."

"Lottie, usinifanyie hivyo. Utaratibu ni wa miji yote saba."

"Na katika hiyo saba, iliyo chini ya arobaini ni ipi?"

Leso ilikunjwa mara ya tatu. "Kwa sasa ni Danforth."

"Kwa Mungu wanatosha kumi," alisema Bubbe. "Wakifika kumi tunaanza sala na anasikiliza, halalamiki. Kwa Roberta wanatakiwa arobaini."

"Mungu hakodi projekta."

Bubbe alimimina kahawa. Daktari alieleza kwamba hakuna anayemfukuza mtu. Bubbe angepewa cheo cha Mwasisi wa Heshima, na kiti cha mstari wa mbele katika sinema ya Wexford, kile kinacholala nyuma.

"Kitakuwa na jina langu?"

"La karatasi, lakini ndiyo."

"Na hotuba yangu kabla ya filamu?"

"Dakika moja. Wexford watu wana ratiba."

"Dakika moja mimi natafuta miwani."

Baba aliingia na sampuli za zulia kwapani, akasalimia, akasikiliza, kisha akasema jambo alilodhani ni la busara. "Mama, si vibaya. Kiti kinacholala nyuma. Mimi nitakupeleka."

"Hershel," alisema Bubbe bila kugeuka, "nenda kauze zulia."

Daktari alipoondoka, Bubbe alisimama dirishani mpaka gari lilipopotea. Kisha alichukua daftari lake la simu, lile ambalo nusu ya namba zimekatwa kwa mstari, akavuta kiti.

*

Alipiga simu siku tatu. Kuweka nafasi ni bure, unalipa mlangoni, kwa hiyo hakuwa anaomba zaidi ya jina. Hata hivyo, kuomba jina ni kuomba.

"Sol? Lottie hapa. Jumapili ijayo, saa nane mchana."

Mzee Sol Perlow ana miaka themanini na minane na masikio ya miaka mia. Nilimsikia kutoka ghorofani. "Inahusu nini? Vita?"

"Hapana. Ndugu wawili wa Buenos Aires wamerithi duka la mikate. Ni kichekesho."

"Mwaka jana pia ulisema kichekesho. Watu walilia mpaka kwenye maegesho."

"Walilia kwa sababu ilikuwa nzuri."

"Kuna kugel?"

"Lini hakukuwa na kugel, Sol?"

"Niandike."

Huyo alikuwa rahisi; alinunuliwa kwa chakula. Bibi mmoja alisema angekuja lakini goti ni jipya. Mwingine alimpokea kwa furaha nyingi, wakaongea robo saa, kisha ikabainika yuko Florida tangu miaka miwili iliyopita. Mwanamume mmoja alidhani Bubbe anauza bima na akamwambia amtoe kwenye orodha. "Harvey, mimi ndiye niliyekufundisha kusoma Kiebrania," alisema Bubbe. Simu ilikuwa imeshakatwa. Alibaki ameishika kidogo, kisha akachora mstari juu ya namba ya Harvey, taratibu, kwa rula.

Jumanne alivaa koti zuri akaenda kubandika tangazo dukani. Kijana wa kaunta alimwambia ubao ni wa paka waliopotea na vitu vya kuuza tu. Bubbe akachukua kalamu, akaandika juu ya tangazo: INAUZWA. Likabandikwa.

Jumatano alivuka barabara mpaka kanisa la Walutheri. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuingia. Mchungaji alimkaribisha kiti na kumuuliza kama filamu ina maneno ya matusi.

"Kwa Kihispania," alisema Bubbe.

"Basi tuandike sita," alisema mchungaji.

Jioni ile mezani alisoma hesabu. Wayahudi kumi na wanne, pamoja na sisi watatu. Walutheri sita. Ishirini.

"Ishirini si mbaya, Mama," alisema Baba.

"Ni nusu."

"Ndiyo, lakini mwaka jana walikuwa kumi na mmoja. Ni ukuaji."

Bubbe alimtazama kama mtu anayetazama doa kwenye zulia la mteja. "Walutheri sita, Hershel. Nimekwenda kuomba Walutheri. Nilikuwa na ukumbi watu wanakaa ngazini. Baba yako alikuwa anasimama mlangoni anarudisha watu." Akasukuma sahani. "Siombi watu wakae ngazini. Naomba filamu moja kwa mwaka, katika mji wangu, nishuke ngazi kumi na mbili niione. Nikipelekwa Wexford kukalia karatasi yenye jina langu, nitakuwa nimekwisha. Sijafa, nimekwisha tu. Pitisha chumvi."

Baba alipitisha chumvi. Mimi nilikula viazi vyangu kwa unyenyekevu usio wa kawaida.

*

Hapa historia inaingia kwenye ukungu. Wataalamu hawakubaliani. Linalojulikana ni kwamba Alhamisi saa sita kasoro dakika nne Baba alifungua tovuti ya tamasha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama. Arobaini na watatu."

"Soma vizuri."

"Nne, tatu."

Bubbe alikaa. Alikuwa na unga mikononi na ukabaki kwenye mashavu alipojishika. "Nani hao?"

"Haionyeshi majina. Majina wanayo kamati."

"Ni lile tangazo," alisema Bubbe. "Nilisema. Watu husoma habari za paka." Akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima, akanishika kichwa akanibusu juu ya nywele, nikawa na unga mimi pia. "Rena, umeona? Umeona watu wa Danforth?"

"Nimeona, Bubbe," nilisema. "Ni jambo la kihistoria."

Baba alinitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

Saa saba Daktari Glantz alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na adabu mpya. Alisema kamati nzima imeshangaa, kwamba Danforth imekuwa mfano kwa bonde lote, na kwamba angekuja mwenyewe na mpiga picha na mifuko ya simba arobaini na mitatu. Bubbe alisema wataona kama kuna nafasi ya kuegesha.

Kisha akapika. Kugel yake ni tambi zilizookwa na jibini na zabibu kavu, na trei moja hutosha watu wanane. Alipika trei sita. Alimtuma Baba mara mbili dukani kwa mayai. Ijumaa mchana, kabla ya Sabato kuingia, alikuwa amechoka mpaka anaegemea jiko, na alikuwa anaimba.

*

Jumapili saa nane kamili walikuwepo watu kumi na tisa. Bibi wa goti jipya alikuwa ameweka jina lakini hakuweza kushuka ngazi. Walutheri sita walikuwa wamefika mapema na kukaa mstari mmoja, wima, kama meno ya bandia. Viti arobaini na vitatu vilikuwa vimepangwa, na mifuko ya simba ilisimama mezani mlangoni ikiwa imejaa vijitabu vya ukuaji.

"Wanachelewa," alisema Bubbe. "Saa ya Danforth."

Saa nane na dakika tano alirekebisha kitambaa cha meza. Saa nane na kumi alifunika tena kugel. Mpiga picha alishusha kamera yake akatazama dari.

Saa nane na robo Daktari Glantz, ambaye si mtu mbaya na anapenda mambo yaishe, alichukua orodha yake akasimama mbele ya skrini.

"Marafiki, samahani. Naona wengi hawakujiandikisha mlangoni. Nitasoma majina ambayo sijayawekea alama. Ukisikia lako, sema tu 'nipo' uchukue mfuko wako."

Wakati huo nilikuwa karibu na mlango wa dharura. Niliujaribu. Ulikuwa umefungwa, kinyume cha sheria.

"Bessie Kantrow."

Daktari alisubiri, kisha akashuka mstari mmoja.

"Isadore Perlow."

Mzee Perlow alisimama. Alifanya hivyo bila haraka, mkono mmoja juu ya kiti cha mbele yake, na uso wake haukuwa na swali lolote.

"Karibu, Bwana Isadore," alisema Daktari, akaweka alama. Mzee Perlow hakukaa. "Minna Perlow?" Mzee alibaki amesimama. "Aa, mkeo anakuja? Vizuri. Julius Feinbloom."

Dada wawili wa Feinbloom, nyuma, walisimama pamoja.

Wewe msomaji unaweza kuwa hujui. Sinagogini kwetu, kila Sabato, kabla ya sala ya wafiwa, rabi husoma majina ya waliokufa katika wiki kama ile, miaka iliyopita. Ukisikia jina la mtu wako unasimama. Huulizwi. Umefanya hivyo tangu ukiwa na meno ya utoto, na miguu haingojei kichwa. Majina hayo yako kwenye ubao wa shaba ukutani, kila moja na taa yake ndogo, na yeyote mwenye simu anaweza kuupiga picha ubao huo Jumatano alasiri.

"Tillie Ornstein. Morris Ornstein." Watu wao wakasimama. "Gussie Lachman." Mtu wake akasimama. Mkono wa Daktari ulikuwa unaweka alama, ila kila mara polepole zaidi. Walutheri walitazamana, kisha nao wakasimama wote sita, kwa adabu. Mpiga picha alivua kofia bila kujua kwa nini.

"Abram Zelnick," alisoma Daktari. "Nafasi mbili."

Bubbe, mjane wake, alikuwa mlangoni mwa jiko na kisu cha kugel. Alikuwa amekwisha kusimama, kwa hiyo hakuwa na la kufanya isipokuwa kuweka kisu mezani. Baba aliinuka kutoka kiti chake. Hilo lilikuwa jina la mwisho katika orodha. Daktari aliikunja.

Mzee Perlow, asiyesikia vizuri, alisikia kimya, na kimya hicho kwa masikio yake kilikuwa na maana moja tu. Akaanza Kadishi, ile sala ya wafiwa. Alianza chini, kwa Kiaramu kilichochakaa, na wengine wakaingia, kwa sababu haiwezekani kutoingia. Daktari Glantz alifungua mdomo kusema kuna kosa. Ikatoka "amina," mahali panapostahili, kisha nyingine. Alisema zote.

Walipomaliza walikaa. Viti vya chuma vililia. Mtu alipenga kamasi.

"Roberta," alisema Bubbe. "Nipe hiyo karatasi."

Aliisoma yote, kidole kikishuka juu ya majina, ishirini na mawili. Alifika mwisho, akarudi juu, akashuka tena.

"Nafasi mbili," alisema. "Abram alikuwa anaweka koti lake kwenye kiti cha pembeni ili mtu asimkalie karibu. Aliona aibu, alikuwa anasema ni kiti cha rafiki. Ni nani anayejua habari za koti?"

Jibu lilikuwa watu watatu duniani. Mmoja alikuwa anauliza. Wa pili alikuwa Baba, ambaye hawezi kujaza fomu yoyote kwenye kompyuta bila kupiga kelele. Nyuso zote zikageuka kuelekea mlango wa dharura.

Nina uzoefu wa kukamatwa. Huwa nina hotuba. Nilifungua mdomo kuitoa, ile yenye maneno "kwa unyenyekevu" na "kwa manufaa ya umma", nikakuta haipo.

"Ni mimi," nilisema. "Niliyachukua ubaoni. Ilinichukua nusu saa."

"Kwa nini?" aliuliza Daktari. Aliuliza kweli, bila ukali.

"Nilitaka kukuona ukisoma majina ya wafu kwa heshima. Nilidhani itachekesha."

"Ilichekesha mpaka wapi?" aliuliza Bubbe.

"Mpaka Mzee Perlow aliposimama."

"Nini?" alisema Mzee Perlow. "Anasema nini?"

"Anaomba msamaha, Sol!" alipaza sauti mmoja wa dada Feinbloom.

"Kwa lipi? Nimemkumbuka kaka yangu. Kugel iko wapi?"

Daktari Glantz alisugua paji la uso. Alisema kwamba filamu itaonyeshwa, kwa kuwa iko hapa na watu wako hapa. Alisema pia, akimtazama Bubbe na si mimi, kwamba walio hai ni kumi na tisa na kamati itaandikiwa kumi na tisa. "Siwezi kuandika vingine, Lottie. Mwaka ujao Danforth haimo."

"Najua," alisema Bubbe. "Ungeandika vingine nisingekuamini tena na meno yangu."

Alikwenda mbele ya skrini, akatoa hotuba yake ya kabla ya filamu, akatumia dakika kumi na nne. Hakugusia orodha. Aliwaeleza habari za mikate ya Buenos Aires, mahali ambapo hajawahi kufika. Alipomaliza Mzee Perlow aliinua mkono.

"Mwaka ujao saa ngapi?"

Daktari alitazama viatu vyake.

"Saa nane," alisema Bubbe. "Washa, Hershel."

*

Ilikuwa kichekesho, na watu walilia. Walutheri waliondoka na mifuko miwili miwili ya simba. Trei tatu na nusu za kugel zilibaki. Bubbe alipanda juu kwenda kumsindikiza Daktari mpaka garini, wakisutana njia nzima kuhusu kiti kinacholala nyuma.

Mimi nilipewa trei za kuosha. Baba alikuja na taulo, akaanza kukausha. Yeye si mtu wa kufoka. Alikausha trei ya kwanza mpaka ikawa kavu mara tatu.

"Aliposoma jina la babu yako," alisema, "nilibaki nimesimama. Uliona?"

"Niliona."

"Nilikuwa nasubiri jina jingine. Lipo ubaoni, mstari wa mwisho, taa mpya. Uliliona, maana ulipiga picha ubao mzima."

Niliendelea kusugua mahali palipokuwa safi.

"Uliwaandika wote, Rena, hata Gussie Lachman ambaye hukuwahi kumwona. Kwa nini hukumwandika mama yako?"

Nilitafuta jibu la kuchekesha. Natamka hili kwa uaminifu wote nilio nao, ambao si mwingi: nilitafuta kweli, na kwa bidii.

"Hao wengine nilijua hawatakuja," nilisema. "Yeye ningekaa namsubiri mlangoni."